Maswali ya Wasomaji: Kupogoa Bustani ya Umma Kabla ya Mvua

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mjumbe wa kamati ya mazingira ya mtaa wetu hapa Tabora mjini. Tumekabidhiwa bustani ndogo ya umma yenye miembe mikubwa, mikrismasi, bogenvilia na matuta mawili ya waridi. Kila mwaka mwishoni mwa Oktoba tunaitana, tunafagia, tunafyeka na kupogoa kila kitu kwa siku moja ili mvua zikute bustani imekwisha kuwa safi. Mwenzetu mmoja amesoma mwongozo wa bustani wa Ulaya unaosema kazi hiyo ifanywe mwezi wa Machi, miti inapoanza kuchipua. Je, tunakosea mwezi? Na kwa nini mikrismasi yetu haichanui kama ile ya majirani?

JIBU: Ndugu Mjumbe, mwenzenu hakusoma vibaya, ila mwongozo huo uliandikwa kwa ajili ya nchi ambako mimea hulazwa na baridi na kuamshwa na joto la Machi na Aprili. Kwetu kinacholaza mimea ni ukame, na mvua za Tabora huanza kwenye Novemba zikaendelea hadi Aprili. Waridi likipogolewa Machi, machipukizi yake yatakuwa bado laini mvua zinapokatika, na kiangazi kitayakausha. Kwa hiyo Oktoba yenu ni mwezi mzuri wa usafi, na kwa waridi na bogenvilia ni mzuri wa kupogoa pia.

Tatizo ni kwamba mnazifanya kazi mbili kama kazi moja. Kufagia, kufyeka nyasi, kuzibua mitaro na kuondoa matawi yaliyokufa au kuvunjika kunaweza kufanyika siku hiyo moja, tena matawi makavu yasisubiri kabisa, kwa sababu upepo wa mvua za kwanza huyaangusha juu ya watu waliokaa chini. Kupogoa tawi lililo hai ni jambo jingine, kwa kuwa kila mmea una wakati wake wa kuandaa maua, na anayekata bila kuujua wakati huo huondoka na maua ya msimu mzima.

Hapo ndipo lilipo jibu la mikrismasi yenu. Mti huu huchanua kuelekea mwisho wa mwaka, hivyo mnapoupunguza Oktoba mnakata vitawi vile vile vinavyojiandaa kutoa maua. Uacheni uchanue, kisha mpunguze maua yakishapukutika. Mwembe nao hutoa maua katikati ya mwaka kwenye ncha za vitawi vilivyokwisha kukomaa, na Oktoba huwa umebeba matunda, kwa hiyo upogoeni mara baada ya mavuno, ili machipukizi mapya yapate miezi ya kutosha kukomaa kabla ya msimu wa maua unaofuata. Bogenvilia huchanua kwenye machipukizi mapya, nayo haidhuriki ikikatwa sana kabla ya mvua.

Kwenye waridi, tafadhali wekeni mapanga pembeni na mtumie mkasi mkali wa kupogolea. Ondoeni kwanza matawi makavu na yale yanayosuguana, kisha tafuteni jicho, yaani kile kinundu kidogo kwenye tawi panapotokea chipukizi, linalotazama nje ya kichaka, mkate karibu nusu sentimita juu yake kwa mshazari unaoshuka upande wa pili, ili maji yasitiririkie kwenye jicho. Chipukizi litaelekea nje, na katikati ya kichaka patapita hewa, jambo linalopunguza ukungu wakati wa mvua. Mkitoka kwenye kichaka chenye ugonjwa, futeni mkasi kwa spiriti kabla ya kugusa kingine.

Tawi kubwa la mwembe likatwe kwa msumeno, mara tatu. Mkato wa kwanza uwe chini ya tawi, kama sentimita 30 kutoka shinani, uingie theluthi ya unene wake. Wa pili uwe juu, mbali kidogo zaidi na shina kuliko ule wa kwanza, na tawi litaanguka bila kuchuna gome la shina. Kisha angalieni kisiki kilichobaki: pale kinapoungana na shina pana uvimbe kama pete, wenye gome la mikunjo. Mkato wa tatu upite nje kidogo tu ya pete hiyo, kwa sababu humo ndimo mti unamoanzia kufunga jeraha. Kabla ya yote hayo, kagueni mashimo ya mti, kwani nyuki hupenda kukaa humo na mtikisiko wa msumeno huwakasirisha. Wakiwapo, mwiteni mfugaji nyuki awahamishe.

Majani mnayofagia, nawasihi msiyachome. Yarundikeni pembeni yaoze yawe mboji, au yatandazeni juu ya matuta yahifadhi unyevu, mradi yasigusane na shina, maana mchwa wa Tabora hawahitaji kukaribishwa mara mbili.

SWALI: Nyumbani kwetu Ujiji, mkoani Kigoma, tumekata tawi nene la mwembe. Jirani anatuambia tupake oili chafu kwenye jeraha ili lisioze. Tufanye hivyo?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Oili chafu ya magari huua sehemu hai za gome pembezoni mwa jeraha, ambazo ndizo zinazopaswa kukua na kulifunika, na hata rangi haizuii kuoza. Likiwa limekatwa vizuri, liacheni wazi likauke lenyewe. Kama mlibakiza kisiki kirefu, kirudieni kwa msumeno mkali hadi karibu na ule uvimbe niliouelezea juu, bila kuukata. Baada ya hapo litazameni kila baada ya miezi michache: mkiona ukingo mpya wa gome ukijikunja kuelekea katikati, mwembe wenu unapona.