Usipakue Kraki, Fungua Gemu Uisome

Kijana mmoja ameniandikia wiki hii. Anataka kuingia kwenye usalama wa mitandao, anauliza alipie kozi gani. Namjibu hapa ili na wenzake wasome: anza na gemu za zamani za DOS, mfumo wa kompyuta uliotumika kabla ya Windows.

Prince of Persia ya mwaka 1990, ukimaliza hatua ya kwanza, ilikuingiza kwenye chumba chenye chupa za dawa, kila moja na herufi yake. Unywe ipi? Ile yenye herufi ya kwanza ya neno fulani, mstari fulani, ukurasa fulani wa kijitabu cha gemu. Ndivyo gemu ilivyomtambua aliyeinunua. Sisi kijitabu tungekitoa wapi? Gemu zilitufikia kwa flopi za kunakili. Tukawa tunabahatisha, na jibu likikubali linaingia daftarini, maana maswali yalijirudia. Daftari lile nililitunza mimi, na ninajivunia.

Baadaye nikaijua DEBUG, programu ya kusoma na kubadili baiti za programu nyingine, iliyokuja na DOS yenyewe. Gemu hata iulize swali gumu vipi, mwishowe inalinganisha jibu lako na lake, kisha inaruka kwenda upande mmoja au mwingine. Kwa namba za heksadesimali, baiti 74 ni ruka kama yamelingana, 75 ruka kama hayakulingana, EB ruka vyovyote iwavyo. Unasoma kwa amri ya u, inayoonyesha baiti kama maagizo ya kompyuta, mpaka uupate ulinganisho. Kama ni 74 inayokupitisha, unaandika EB, na jibu lolote linapita. DEBUG haihifadhi faili la EXE, yaani la programu yenyewe, kwa hiyo kwanza unalibadilishia jina liishie na BIN, ukimaliza unalirudishia lake.

Nilipofungua gemu ya ndege kwa njia hiyo, mwalimu wa chumba cha kompyuta aliniita mwizi mbele ya darasa zima, akanipiga marufuku kuingia. Hakuuliza nimefanyaje. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu mkate ninaokula sasa, kukagua programu za malipo, unatokana na usomaji ule ule.

Wadogo zangu, acheni kupakua kraki za watu, yaani gemu ambazo ulinzi wake umeshavunjwa na mwingine. Hazifundishi kitu, na nyingi zimebeba virusi. Chukueni FreeDOS, ni ya bure na ina DEBUG yake. Nakilini gemu mliyonunua, mchezee nakala. Jordan Mechner, mtunzi wa Prince of Persia, aliweka hadharani msimbo wa toleo la kompyuta ya Apple II mwaka 2012, usomeni. Someni tena na tena. Cheti kitawasubiri.

Atakayekwama kwenye amri ya u aniandikie, aambatanishe na alichokiona kwenye skrini.