Anthropolojia si mila na ngoma tu

Mdogo wangu wa Kibosho, umeuliza kama shahada ya kwanza ya anthropolojia ni kusoma mila na ngoma tu, huku mzee anakusukuma kwenye uhasibu. Ni pana kuliko hivyo: ni elimu ya binadamu na jamii zake. Kwa kawaida ina matawi manne: utamaduni, lugha, akiolojia na maumbile ya binadamu. Hilo la mwisho ndilo la mifupa na nyayo za kale za jamii ya binadamu. Zile za Laetoli, za miaka kama milioni 3.6, ziko hapo mkoa jirani, Arusha.

Utamu wenyewe, kwangu mimi, uko kwenye utamaduni. Chukua kihamba cha babu yako, yaani lile shamba la migomba la ukoo lenye nyumba ndani yake. Kwa nini kwa desturi nyumba ya baba huenda kwa kitinda mimba wa kiume? Dada zake wanabaki na nini? Na lile sale, mmea unaopandwa mpakani, mbona jirani analiheshimu hata pasipo hati? Mmarekani Sally Falk Moore, aliyesomea sheria kwanza, alichunguza mambo ya namna hii kwa Wachagga miaka mingi. Ukianzia hapo unafika kwenye ardhi, dini, uchumi, hata afya.

Kazi? Tusidanganyane, matangazo ya "anatafutwa mwanaanthropolojia" ni ya kutafuta kwa tochi. Ongeza takwimu, kisha lenga utafiti wa afya, makumbusho au miradi ya maendeleo. Na kabla hujajaza maombi, soma orodha ya masomo ya chuo husika: pale Dar es Salaam anthropolojia iko idara moja na sosholojia, kwa hiyo mwenye hamu ya mifupa aangalie masomo ya akiolojia.