Babu Karani Anajibu: "Juma Muha, Kasulu"

SWALI: Shikamoo Babu Karani. Nimezaliwa Muheza, sasa naishi Cardiff, Uingereza. Baba alifariki mwaka jana. Kwenye kopo lake la majani ya chai nimekuta kipande cha kazi cha babu, ambaye alikuja Tanga miaka ya hamsini kuwa manamba wa mkonge. Kimeandikwa "Juma Muha, Kasulu", namba, na mwaka 1971. Bibi alikuwa akisema tu kwamba babu "katoka Heru". Julai nakuja na wanangu wawili, nataka wakanyage ardhi aliyotoka babu. Nimepima vinasaba, majibu yamekuja "Afrika ya Mashariki". Kuna na kijana mtandaoni anataka pauni 300 anitafutie kijiji. Nimpe? – Mjukuu wa Mkongeni

JIBU: Marahaba mjukuu wangu, na pole kwa msiba. Huyo kijana usimpe hata senti. Na hiyo Afrika ya Mashariki, ungeniuliza mimi ningekwambia bure.

Tuanze na jina, maana hapo na mimi nina dhambi. Niliajiriwa ukarani kwenye shamba moja la mkonge hukohuko Muheza mwaka 1968. Mtu anafika dirishani, anataja jina lake la Kiha, refu, linaanza na Nti au Nta, na mimi mtoto wa Pangani ulimi haulipati. Nyuma yake foleni imefika kwenye mti. Namuuliza, "Huna jina jepesi?" Ananijibu Juma. Akina Juma ninao kumi na wanne! Basi huyu Juma Muha, yule Juma Mbena, na mmoja masikini nilimwandika Juma Mfupi, akazeeka nalo. Ulichonacho mkononi ni jina la foleni. Kwenda Kasulu kumuulizia Juma Muha ni sawasawa na kuja Muheza kumuulizia Ali Mbondei.

Kipande chenyewe kilikuwa cha kuhesabia siku: zikitimia 30 za kazi, unalipwa. Nani alizaliwa wapi, hilo halikutuhusu. Neno "Kasulu" huenda lilifuata tu orodha ya SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba iliyokuwa ikiandikisha vibarua kutoka bara. Tena Kasulu ya wakati ule ilikuwa kubwa kuliko ya leo. Mwaka 2012 ilimegwa ikazaliwa wilaya ya Buhigwe, kwa hiyo Manyovu na Munanila hutazikuta Kasulu tena.

Heru nayo usiifanye kijiji. Ilikuwa himaya ya Waha. Miaka hiyo ya hamsini mwami wake alikuwa mwanamke, Theresa Ntare, na mtu aliyesema katoka Heru alikuwa anakutajia mtawala wake, kama ambavyo mwingine angesema katoka kwa Mangi fulani. Heru Juu ipo mpaka leo, ila babu yako angeweza kutoka mlima wowote kati ya mingi. Halafu ikaja Operesheni Kigoma, 1972. Watu walihamishwa kutoka kwenye makazi yao yaliyotawanyika wakapangwa kwenye vijiji vya ujamaa. Hivyo ukishapata jina la mahali, usiulize kijiji hicho kiko wapi. Uliza mahame yake, yale makazi yaliyoachwa, yako wapi, na ni nani alihamishwa kutoka pale.

Jina hilo utalipata Muheza, si Kigoma. Tafuta kambi ya shamba alilofanyia kazi babu yako, uliza wazee wa Kiha waliolowea, au watoto wao. Wale watu walisafiri pamoja: treni kutoka Kigoma, kisha malori, maana reli ya Kati haikuungana na ya Tanga mpaka 1963. Waliokaa benchi moja siku zote hizo walijuana mlima kwa mlima. Mpigie mzee simu sasa hivi, usingoje Julai, wazee hawangoji tiketi yako. Muulize babu yako aliitwaje na Waha wenzake, baba yake nani, ukoo gani, na msiba wake nani alikuja kutoka mbali. Mwache azunguke. Akianza kusimulia bei ya unga ya mwaka gani sijui, usimkatize, jina litatokea hukohuko kwenye unga.

Ukishalipata, ndipo umtafute mtendaji wa kijiji kule, umwombe tangazo kanisani na msikitini: nani ana ndugu aliyekwenda mkongeni Tanga akapotea? Asiyerudi hasahauliki upesi. Lakini wewe ni mtu wa Ulaya, na ndugu watakuwa wengi kuliko viti. Kwa hiyo jambo moja lifiche, kwa mfano jina la mama yake babu au kovu alilokuwa nalo. Atakayelitaja bila kuulizwa, huyo kaa naye.

Kwa sasa nitumie picha ya kipande, pande zote mbili. Mbele tulijaza sisi makarani. Nyuma wenyewe walikuwa wakiandika madeni yao dukani, na mtu anayedaiwa haandikwi kwa jina la foleni.