Niulizeni Kwanza Saa ya Mashine

Swali la wiki lilikuwa: je, mahakama iamini video kuliko shahidi aliyeona kwa macho yake? Mimi ni fundi wa kamera za CCTV hapa Nakuru, na naona mmewashindanisha wasioshindana. Video nayo ina shahidi wake: aliyefunga kamera, aliyetoa klipu kwenye mashine ya kurekodia, aliyeitunza hadi siku ya kesi. Huyo akiyumba, picha iwe safi namna gani, wakili wa utetezi ataipangua asubuhi moja.

Wanaoipendelea video wana hoja nzito, sikatai. Chukueni kesi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo wa Kongo, hukumu ya kwanza kabisa ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, iliyotolewa 14 Machi 2012. Alishtakiwa kwa kuwaingiza vitani watoto wa chini ya miaka 15 kule Ituri, mashariki mwa Kongo. Upande wa mashtaka ulileta vijana waliosema walikuwa kadogo, yaani askari watoto, katika jeshi lake. Ushahidi wa tisa kati yao majaji hawakuutegemea: maelezo yaligongana, na ilishukiwa kwamba baadhi ya watu wa kati waliotumwa kuwatafuta mashahidi waliwafunza la kusema. Lakini kulikuwa na mashahidi wengine, na kulikuwa na video, ikiwemo ile ya 12 Februari 2003 inayomwonyesha Lubanga akiwahutubia makuruta katika kambi ya Rwampara. Alipatikana na hatia, akafungwa miaka 14.

Sasa angalieni majaji walivyoitumia video hiyo. Walisema kwa wengi wa vijana wanaoonekana humo ni vigumu kujua kwa kuwatazama tu kama wamefika 15 au la, kwa hiyo wakawahesabu wale tu ambao ni dhahiri hawajafika. Mkanda mzima ulikuwa mezani, nao wakachukua kipande walichoweza kukisimamia.

Hapa kwetu, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoitambulisha rekodi, kinachoeleza ilivyotengenezwa na kwa kifaa gani, na kilichotiwa saini na mtu mwenye dhamana juu ya kifaa hicho. Wengi huona ni urasimu. Mimi ninayeshinda juu ya ngazi na bisibisi naona aliyekiandika alijua yanayotokea ndani ya mashine hizi.

Mfano ni saa. Kuna kibetri kidogo ndani ya mashine. Kikifa, stima ikipotea tarehe inaweza kurudi nyuma miaka na miaka, na mwenye duka hana habari kwa kuwa picha zinaendelea kuonekana kama kawaida. Siku ya wizi, video inasema ni usiku wa manane na jirani anasema ilikuwa jioni. Mtamwita nani mwongo?

Halafu diski. Ikijaa, mashine hufuta ya zamani na kuandika juu yake. Duka lenye kamera nyingi na diski ndogo, wiki mbili zikipita tukio limekwenda. Mpelelezi akifika anaonyeshwa wateja wa jana wakinunua sukari.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni watu kurekodi skrini kwa simu kisha kurushiana WhatsApp. Njiani video inabanwa, taarifa zake za ndani zinapotea, na inapofika kituo cha polisi imeshapita mikono mingi hata hajulikani aliyeirusha kwanza. (Na wale wanaoiwekea muziki, Mungu anawaona.) Siku hizi akili unde (AI) inaweza kumtengenezea mtu sura na sauti yake akitenda asilolitenda, kwa hiyo swali la video ilikotoka halina budi kuulizwa hata pale ambapo zamani lingepita kimya.

Nikimaliza kazi, namwambia mwenye duka amteue mtu mmoja wa kushika nywila. Jambo likitokea, klipu itolewe siku hiyo hiyo kutoka kwenye mashine yenyewe, bila kubadilishwa muundo, na mtu huyo aandike kwenye karatasi saa ya mashine ilivyopishana na saa ya simu, aweke tarehe na sahihi. Wengi huniuliza kama kwa hayo maneno nitawatoza zaidi.