Vetus si ndugu wa bonus

SWALI: Mwalimu shikamoo. Najifundisha Kilatini mwenyewe, mwezi wa tatu sasa. Bonus, yaani -ema, nimeielewa, bonus bona bonum (kiume, kike, na neuta, jinsia isiyo ya kiume wala ya kike), basi nikakutana na vetus, yaani -a zamani, nikaandika via veta (njia ya zamani) na vinum vetum (divai ya zamani), kumbe zote makosa. Nikaambiwa iko kundi moja na ingens, yaani -kubwa mno, nikaandika veteri na veterium, makosa tena! Hiki kivumishi kina nini jamani?

JIBU: Marahaba. Umeponzwa na ile -us ya mwisho, maana kwenye bonus ni kiambishi cha jinsia ya kiume, ila kwenye vetus imo ndani ya shina lenyewe, kwa hiyo huwezi kuing'oa ukaweka -a au -um. Fikiria safi kwenye Kiswahili, tunasema nguo safi, chumba safi, haibadiliki. Ndo hivyo hivyo amicus vetus (rafiki wa zamani), via vetus, vinum vetus, jinsia zote tatu ni vetus ileile, ila hapo ni kwenye nominativu (umbo la kiima) ya umoja tu!

Ukitoka hapo shina linakuwa veter-, jenitivu yake (umbo la umilikaji) veteris, akuzativu (umbo la yambwa, yaani kinachotendwa) veterem kwa kiume na kike, neuta inabaki vetus. Hiyo r ni s ya zamani, zamani sana Kilatini kiligeuza s iliyokaa katikati ya irabu ikawa r, ndo maana una genus generis (aina), tempus temporis (wakati).

Sasa hili la pili ndo tamu zaidi na naona vitabu vingi vinalipita haraka mno. Vivumishi vingi vya kundi la tatu, kundi la ingens, vina i: ablativu ya umoja (umbo linalotumika mfano baada ya in ya mahali) ingenti, jenitivu ya wingi ingentium, neuta ya wingi ingentia. Vetus inakataa, inasema vetere, veterum, vetera, kama nomino kabisa, na wataalamu wengi wanaihusisha na nomino ya kale iliyomaanisha mwaka, ndugu yake Kigiriki ni etos, kwa hiyo inaelekea ilianza kama nomino ikabaki na tabia za nomino. Pauper, yaani maskini, nayo hivyo hivyo, paupere, pauperum.

Kwenye kulinganisha, "ya zamani kabisa" ni veterrimus, r mbili usisahau, ila "ya zamani zaidi" kwa kawaida wanaazima vetustior kutoka vetustus, kivumishi kingine cha -a zamani.

Kwa hiyo rekebisha: via vetus, vinum vetus, na ukitaka kusema "kwenye njia ya zamani" andika in via vetere.