Kumuuguza aliyeumia uti wa mgongo: tuliyojifunza kwa kaka

Kaka yangu alikuwa mkwezi. Tangu akiwa na miaka 16 alikwea minazi ya watu huku Pangani, analipwa kwa hesabu ya minazi aliyoangua. Siku moja mwaka 2017, baada ya mvua, aliteleza. Walioona wakamkimbilia, huyu kamshika kwapa, yule miguu, wakamkunja na kumketisha kwenye bajaji. Walifanya kwa mapenzi. Lakini mtu akianguka kutoka juu akawa halisikii guu lake, au analalamika mgongo, msimketishe wala msimkunje. Tafuteni mlango au ubao mpana, mgeuzeni mwili mzima kwa pamoja kama gogo, mmoja ashike kichwa kisicheze. Pingili ya mgongo ikishavunjika, mkunjo mmoja unaweza kuuharibu zaidi mshipa wa fahamu uliomo ndani.

Iliyovunjika ni pingili ya 5 ya kifua. Mikono ilibaki mizima. Kutoka kifuani kwenda chini hasikii kitu. Tuliruhusiwa hospitali na karatasi ya dawa, basi. Hakuna aliyetuketisha akatuambia nyumbani tufanye nini.

Kwetu mgonjwa wa mgongo hukandwa. Mama akamkanda kwa maji ya moto, kama alivyotukanda mabinti zake tulipojifungua. Kaka alikuwa anazungumza naye tu, hata uso hakukunja. Jioni tukakuta paja zima lina malengelenge. Asiyesikia maumivu hawezi kukwambia "basi, mama". Tangu siku ile maji yake tunayapima kwa kiwiko, na kikombe cha chai ya moto hakiwekwi mapajani mwake.

Kidonda cha kifandugu ndicho kilichotutesa zaidi, miezi 7. Tulikuwa tukimlaza chali usiku kucha tukidhani tunampumzisha. Mgonjwa huyu anageuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana: ubavu huu, chali, ubavu ule, mto katikati ya magoti, mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro. Asubuhi kagua kifandugu, nyonga na visigino. Kwa ngozi zetu nyeusi usingoje wekundu. Tafuta palipozidi weusi, penye joto, au pagumu kuliko pembeni yake. Ukipaona, asipalalie tena mpaka parudi sawa. Jirani alituletea tyubu ya gari ili kaka aikalie. Tuliiacha, kwa sababu inabana damu isifike palepale panapoihitaji.

Baada ya miezi kama 4 miguu ilianza kurukaruka yenyewe. Wanawake wakapiga vigelegele, nami nikalia kwa furaha. Kumbe misuli ilikuwa inajikaza tu, kwa kuwa ubongo hauwezi tena kuituliza. Kumweleza kaka ukweli baada ya vigelegele vile kulikuwa kugumu kuliko siku ya ajali. Muulizeni daktari kabla hamjamtangazia mgonjwa kupona.

Hili linalofuata linaua, na linawahusu walioumia pingili ya 6 ya kifua au zilizo juu yake. Usiku mmoja kaka alishika kichwa ghafla, akasema kinapasuka, jasho linamtiririka usoni. Tulitaka kumlaza. Mama mmoja wa mtaani, muuguzi mstaafu, akatukataza. Alimketisha, akamlegeza nguo, akaufuata kwa vidole mpira wa mkojo, ule unaotoa mkojo kwenye kibofu. Ulikuwa umejikunja chini ya paja na kibofu kimejaa. Aliponyoosha tu, mkojo ukashuka na kichwa kikatulia. Presha hupanda ghafla namna hiyo mpaka kuleta kiharusi, na chanzo huwa kitu kidogo: mpira uliojikunja, choo kigumu, mkanda unaobana. Msipokipata upesi, ni hospitali usiku uleule.

Wifi yangu alikuwa akikaanga maandazi ya kuuza, akaacha. Mtoto wao mkubwa, darasa la saba, alikuwa anasinzia shuleni kwa sababu zamu ya kumgeuza baba saa 8 usiku ilikuwa yake. Sisi ndugu tulikuja na machungwa na pole, tukaondoka. Linaniuma mpaka leo. Ukiwa na ndugu anayeuguza hivi, chukua usiku wa Jumamosi, lala pale, geuza wewe.

Tulimkosea na kaka mwenyewe. Tulikaa barazani kupanga kuuza shamba lake, naye yuko chumbani anasikia kila neno. Siku mbili hakula. Alipokubali kusema, alisema, "Nimevunjika mgongo, mmenizika na kichwa." Shamba halikuuzwa. Mambo ya unyumba nayo yalibadilika, na kwetu hayasemwi. Wifi alinieleza mwaka wa tatu ndipo nikamsihi waende kwa daktari wote wawili, maana yapo yanayowezekana.

Siku hizi zamu anazipanga kaka, kwenye daftari, na simu ya kuamsha anaitega yeye. Kwenye kiti mwendo hujiinua kwa mikono kila robo saa bila kukumbushwa. Mwezi uliopita alimpangia mkewe siku 3 za kwenda kwa mama yake Muheza, zamu zote akatugawia sisi. Wifi aliporudi alituambia kwamba siku ya kwanza alilala mpaka adhuhuri.