Maswali ya wasomaji: Mbona kompyuta ilichelewa kwenye Go?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi nacheza chesi kwenye simu, juzi nikakutana na mchezo wa Go, ule wa China, Korea na Japani. Nikasoma kwamba kompyuta ilimpiga Garry Kasparov kwenye chesi tangu 1997 lakini kwenye Go ikaja kumpiga bingwa 2016. Mbona ilichelewa hivyo wakati sheria zake ni chache tu? Na sahivi kuna mtu anaweza kuishinda?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Sheria ni chache kweli, we unaweka kete nyeusi mwenzio nyeupe, mnagombania eneo, kete ikizibwa pande zote inatolewa, basi. Ila bodi ina sehemu 361 za kuweka kete, na hata huo wingi sio shida kubwa, shida ni kujua nani anaongoza. Kwenye chesi kompyuta inajumlisha tu, malkia pointi 9, farasi 3. Kwenye Go kete zote ni sawa, na moja uliyoiacha peke yake huko pembeni inaweza kuja kuamua mechi nzima, sasa hiyo utaiandikia kanuni gani?

Ndo maana AlphaGo, programu ya Go ya DeepMind, kampuni ya London, haikuandikiwa kanuni ya kupima, ilijifunza kwa mechi za watu halafu ikajichezea yenyewe mechi nyingi mno. Machi 2016 kule Seoul ikampiga bingwa wa Korea Kusini, Lee Sedol, 4-1. Itafute mechi ya pili uiangalie hatua ya 37, iliweka kete mstari wa tano kutoka ukingoni, wachambuzi wakadhani imekosea, kumbe ndo iliyokuja kuibeba mechi. Ila Lee naye mechi ya nne hatua ya 78 akapenyeza kete katikati, mashine ikavurugika kabisa, mi naona ile ni hatua tamu kuliko zote.

Kuhusu kuishinda sahivi, kwa mchezo wa kawaida hapana, 2017 Ke Jie aliyekuwa namba moja duniani alipigwa 3-0 na AlphaGo. Lakini mashine hizi zina upofu wake! Mwaka 2023 Mmarekani Kellin Pelrine, mchezaji wa ridhaa, alishinda mechi 14 kati ya 15 dhidi ya programu inayotumia KataGo, akili bandia nyingine ya kucheza Go, tena bila msaada wa kompyuta wakati anacheza. Mbinu yenyewe ilikuwa imegunduliwa na programu nyingine, unaiacha mashine izungushe kete zake duara, we unazizungukia kwa nje taratibu huku unaichokoza kwenye kona, haistuki mpaka duara zima limezibwa.

KataGo ni ya bure, ishushe, ila anza na bodi ndogo ya 9 kwa 9.